Tangi Kubwa, Presha Kubwa

Mume wa Mama Mbona alikuwa fundi bomba, na kama maneno yangekuwa maji, mtaa ule usingejua kiangazi. Watu walimwita Presha. Jina hilo alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye boksi lake la vifaa, na chini yake akaongeza msemo wake: TANGI KUBWA, PRESHA KUBWA. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na jicho lake halikupitwa na mshono uliopinda, alimwambia siku ile ile kwamba herufi za mwisho zimeteremka kama pindo la sketi mbovu. Presha akamjibu kwamba wateja hawaji kusoma.

Hakuwa fundi mbaya, tumpe haki yake. Bomba lililovuja alilifunga likafungika, na choo kilichoziba alikizibua bila kulalamika. Tatizo ni kwamba kwa miaka kumi na tano alikuwa akifunga matangi juu ya mapaa ya nyumba zisizo na ghorofa, mahali ambapo hata ukipandisha sufuria maji yatashuka tu, kwa kuwa hayana kwingine pa kwenda. Yaliposhuka, Presha alisimama kando ya bomba, mikono kiunoni, akajisifu utadhani yeye ndiye aliyeyafundisha kushuka. Kila mteja alishauriwa anunue tangi nene zaidi. Maji yakiwa mengi yanasukumana, alisema, na yakisukumana yanatoka kwa nguvu. Nani angembishia? Mwenye nyumba alifungua bomba, akanawa, akashukuru.

Mama Mbona hakuyaamini maneno hayo, lakini pia hakuyachunguza. Alikwisha kujizoesha kumsikiliza mumewe kama watu wanavyosikiliza mvua juu ya bati.

Kisha shule ikampa Presha kazi. Ilikuwa shule ya ghorofa moja, na uani palikuwa na stendi ya vyuma, urefu wake sawa na dari ya madarasa ya chini. Juu ya stendi lilikaa tangi la zamani, jembamba na refu. Likijaa, vyoo vya ghorofani vilipata maji kidogo, likipungua, vilikauka. Siku tangi hilo lilipopasuka, Presha aliitwa, na bila hata kupanda ngazi akasema dawa ni tangi nene. Likaletwa tangi fupi, pana, lenye tumbo, linalobeba maji mara tatu ya lile la kwanza. Akalikalisha juu ya stendi ile ile. Tangu siku hiyo ghorofani hakukudondoka hata tone.

Watoto wa madarasa ya juu wakaanza kubeba ndoo. Kila asubuhi kabla ya kengele walipanda ngazi wawili wawili, wameshika mpini huku na huku, sketi zimelowa, kumwagia vyoo maji. Presha alipoulizwa alisema kuna hewa ndani ya bomba. Alipoulizwa tena alisema kuna kutu. Mara ya tatu, kwa uso wa mtu anayemwonea huruma anayeuliza, alisema maji bado hayajalizoea bomba, yapewe muda. Mama Mbona aliposimuliwa hayo na mteja aliyekuja kupunguziwa gauni, alibana pini zote mdomoni ili asilazimike kujibu.

Miongoni mwa wabeba ndoo alikuwamo binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi. Jina lake la cheti lilitumika shuleni tu. Kwingine kote aliitwa Mbona, kwa kuwa neno hilo ndilo alilotangulia kulisema kabla ya baba na kabla ya mama, na tangu hapo hajalitua chini. Mbona mwezi unatufuata? Mbona kitambaa hiki kinavutika upande mmoja tu? Mama yake aliwadharau watu wengi: wateja waliovuta pumzi wakipimwa kiuno, majirani walioazima mkasi kukatia waya, na mume wake siku sita kwa juma. Kitu kimoja tu hakukidharau, nacho ni mdomo wa huyo mtoto. Yeye mwenyewe alipokuwa na umri huo aliambiwa anyamaze, akanyamaza, na alijua ni kitu gani alichopoteza. Alikuwa ameapa kwamba wa kwake hatanyamazishwa na mtu.

Basi mwalimu wa sayansi, kijana wa shati moja la mistari tangu muhula uanze, akawapa watoto karatasi nne zilizobanwa pini: majaribio ya maji ya kufanya nyumbani, bora zaidi lionyeshwe siku ya wazazi. Mama Mbona aliona hiyo ni mbinu ya shule kuhamishia matope yake kwenye nyumba za watu. Jaribio la kwanza lilitaka vikombe viwili, wino, na karatasi ya chooni iliyosokotwa, maji yapande taratibu kutoka kikombe hiki yakashukie kile. Yalipanda kweli, yakashukia pia pindo la kitambaa cheupe cha mteja. La pili lilitaka mpira na ndoo iliyowekwa juu ya kigoda. Mbona alivuta maji kwa mdomo, mpira ukashika kazi, na ndoo nzima ya maji ya kusuuzia ikahamia kwenye viatu vya baba yake. Presha alisema yeye hunyonya petroli hivyo hivyo tangu ujana, na hakuna aliyempa cheti.

La tatu lilikuwa la vyombo viwili, chembamba na kipana. Jumamosi alasiri Mbona akapanga vitu vyake barazani: chupa ya maji ya kunywa, na dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa shingo. Alipasha msumari kwenye mshumaa akatoboa vyote viwili chini, tundu sawa na tundu, akaziba kwa selotepu, akajaza maji hadi kimo kimoja. Mbele yake akatandaza futi ya mama yake ya kupimia nguo, bila kuomba ruhusa. Akasema karatasi inadai maji yatarukia mbali sawasawa.

Presha, aliyekuwa akinywa chai, alicheka hadi akaweka kikombe chini. Akamwita mkewe aje aone kodi zao zinavyoliwa. Dumu lina maji mara nne ya chupa, alisema, halafu yatoke sawa? Mtoto akabandua selotepu zote mbili kwa mpigo. Michirizi ikatoka, na kwa muda wa kufumba na kufumbua ilikuwa sawa. Kisha mchirizi wa chupa ukaanza kurudi nyuma, inchi kwa inchi, wakati wa dumu ukiendelea kutema pale pale.

"Umeona?" alisema Presha. "Tangi kubwa, presha kubwa. Nenda kamwambie mwalimu wako nimemsahihishia."

Akarudi kwenye chai yake akiwa amevimba kichwa. Lakini Mama Mbona hakuwa akimtazama yeye. Alimtazama binti yake, ambaye hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa amechuchumaa anaitazama chupa jinsi ilivyoisha upesi.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana mtoto akawaita tena. Safari hii alikuwa amechora mstari kwa kalamu ya wino kwenye chupa na kwenye dumu, kimo kile kile, na alishika kikombe cha maji kila mkono. Akaeleza kwamba jana chupa ilishindwa kwa sababu ni nyembamba, kwa hiyo maji yake yanashuka haraka. Yakishuka, nguvu inashuka nayo. Kwa hiyo leo ataongeza kila kinachopungua, maji yasitoke mstarini. Akabandua, akamimina, kikombe hiki huku, kikombe hiki kule. Michirizi miwili ikaruka juu ya futi ya mama yake. Chupa, inchi tisa. Dumu, inchi tisa. Mama Mbona alihesabu pumzi ishirini na haikutofautiana kwa uzi.

Alihisi kitu kikimpanda kifuani, fahari, na akaikunjia uso isije ikaonekana.

"Baba," alisema mtoto, bado anamimina, "mbona basi tulibadilisha tangi? Lile la zamani lilikuwa refu. Hili ni fupi. Si ndiyo maana maji hayafiki juu?"

Presha alitazama futi. Alichuchumaa, akakagua tundu la chupa, akakagua la dumu, akasema msumari umepinda. Akainuka akasema kuna mteja anamngoja. Ilikuwa Jumapili, na boksi la vifaa alilisahau pale pale barazani.

Angekuwa mwanamke mwingine angecheka, na Mama Mbona alicheka, lakini kicheko kilimkauka kabla ya magharibi. Aliiona siku ya wazazi inavyokuja: mtoto wa fundi, amesimama chini ya tangi la fundi, akiwaonyesha wazazi wote kwa chupa ya plastiki kwamba fundi ni debe tupu. Nani tena atamwita Presha? Na watakapocheka watamcheka nani, kama si mke aliyelala kitanda kimoja na ujinga huo miaka yote? Kumdharau mumewe lilikuwa jambo lake, la ndani ya nyumba. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hakuwa tayari kuona mtaa mzima unachota.

Kwa hiyo, mtoto alipokuwa anaosha vyombo, alimwambia afanye jaribio la karatasi ya chooni na wino. Lile la chupa aliache nyumbani. Wakimuuliza, aseme lilifeli.

"Lakini halikufeli, mama."

"Najua. Sema lilifeli."

Alingoja neno lile lije. Tangu mtoto aanze kusema halijawahi kuchelewa. Mbona alisuuza sahani, akaisimamisha ikauke, akachukua nyingine. Mama yake akajiambia amekua, ameanza kuelewa mambo, na alijua anajidanganya.

Ijumaa ya siku ya wazazi meza zilipangwa uani, kivulini mwa tangi lenyewe. Asubuhi, akipakia vikombe na wino, Mama Mbona alikuwa ameziona chupa na dumu chini kabisa ya kikapu cha mtoto, zimefunikwa na kanga. Akajifanya hakuziona. Asingeweza kusema kwa nini hakuzitoa.

Wazazi walikuja wamepiga pasi hadi soksi. Walisifu volkano ya matope isiyolipuka, wakasifu boti ya karatasi iliyozama. Mbele ya meza ya Mbona walisimama kidogo, wakaona karatasi ya chooni iliyolowa, wakasema vizuri mama, wakapita. Mwalimu wa sayansi aliuliza kuhusu chupa. Mtoto akasema lilifeli. Kijana wa watu alitazama chini, akasema basi, siku nyingine.

Presha kwa upande wake alikuwa kwenye enzi yake. Alivaa shati jeupe, akasimama chini ya tangi na wazazi sita hivi, akiwaelezea jinsi maji yanavyosukumana tumboni mwa tangi. Mmoja aliuliza mbona basi watoto wanabeba ndoo. Presha akasema watu siku hizi hawana subira. Mkewe, hatua nne nyuma yake, alitamani ardhi ipasuke immeze mumewe, au immeze yeye, vyovyote ingeona inafaa.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipofika. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyepanda ngazi za ghorofani kila siku na kukuta ndoo njiani. Hakuongea na Presha. Aliinama kwenye meza ya mtoto, akamuuliza kwa upole, kwa kuwa yeye ni binti wa fundi na anapenda mambo ya maji, anadhani ni kwa nini hayapandi juu.

Mbona akanyoosha mgongo. Akaweka mikono kiunoni.

"Maji bado hayajalizoea bomba, mwalimu," alisema. "Yanahitaji kupewa muda."

Wazazi waliangua kicheko cha kupendezwa, na Presha akamshika mwanawe bega. Sauti ilikuwa ya baba yake. Uso ulikuwa wa baba yake, hadi ule unyusi mmoja ulioinuliwa kumwonea huruma muulizaji. Mtoto aliyekuwa amechuchumaa Jumamosi akiitazama chupa hakuwapo. Mama Mbona akajichukia kuliko alivyowahi kumdharau mtu yeyote. Aliyemfundisha uongo hakuwa Presha. Presha alikuwa mjinga tu, na ujinga si uongo. Mwalimu alikuwa yeye, jikoni, huku mtoto akisuuza sahani.

Alisukuma vikombe vya wino pembeni, akainamia kikapu, akatoa chupa na dumu.

"Mbona," alisema, "nishikie hii."

"Hapana, mama," alisema mtoto. "Lilifeli."

Alisema hivyo akimtazama machoni, bila chuki wala kiburi, mtoto mtiifu aliyetumwa na anarudisha jibu. Basi mama mtu akajaza maji mwenyewe, ndoo ilikuwa karibu. Selotepu zilikuwa zimebanduka njiani, kwa hiyo aliziba matundu kwa vidole, kidole cha mkono huu hapa na cha mkono ule pale, akatangaza kwa watu waliokuwa wanatazamana kwamba maji ya vyombo vyote viwili yatafika sawa. Akaachia.

Yalifika sawa kwa kufumba na kufumbua, kama Jumamosi ile. Kisha mchirizi wa chupa ukaanza kurudi nyuma. Mama Mbona alisahau kabisa habari ya kuongeza maji. Alisimama mikono mitupu, gauni lake zuri limelowa tumboni, na kusikia mumewe akicheka pole pole na kuwaambia wazazi kwamba mke wake ni bingwa wa vifungo, haya mengine wamsamehe.

"Mama, si hivyo."

Mtoto alikuwa amemwaga vikombe vyake vya wino chini na kuvijaza maji.

"Umeacha yashuke. Lazima yabaki mstarini. Shika dumu, lisiyumbe." Na alipoona mama anababaika: "Mstari, mama. Nimeuchora. Mbona huuangalii?"

Neno lile. Mama Mbona alishika dumu kwa mikono miwili asije akalia mbele za watu. Mtoto alimimina, huku na huku, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na michirizi miwili ikanyooka kando kwa kando juu ya meza, sawasawa, ikalowesha viatu vya mzazi aliyesogea mno. Hakuna aliyecheka. Mbona akaeleza bila kuulizwa, akiwa bado anamimina. Si wingi wa maji. Ni kimo chake. Tangi la zamani lilikuwa refu, ndiyo maana likijaa maji yalifika juu kidogo. Hili lina tumbo tu. Hata likiwa pana kama uwanja halitapandisha, mpaka lenyewe lipandishwe.

Mwalimu Mkuu aliinua miwani, akatazama tangi, akatazama dirisha la choo cha ghorofani lililokuwa juu zaidi ya tangi, akaishusha miwani. Watu wengine sita walifanya vivyo hivyo, na wa mwisho kutazama alikuwa Presha.

"Kwa hiyo ni kimo," alisema.

"Ndiyo, baba. Si unene."

Mzazi mmoja alimtazama fundi, mtu mfupi mwenye tumbo lake, kisha mkewe, mwanamke mrefu, akajifunika mdomo. Mama Mbona alimtupia jicho la kumtoboa, kwa sababu kumcheka Presha bado ilikuwa haki yake peke yake.

Juma lililofuata Presha alimleta fundi wa kuchomelea, wakaongeza miguu ya stendi hadi tangi likapita dirisha la ghorofani kwa kimo cha mtu mzima. Alifanya kazi siku tatu, alasiri hadi jua lizame, bila hotuba. Maji yakafika juu kwa kishindo, ndoo zikarudi stoo. Na kwa kuwa maji hufuata mkondo, na Presha ana mkondo wake, Jumapili alikuwa barazani na kopo la rangi nyekundu. Boksi sasa lilisema: TANGI JUU, PRESHA JUU. Jirani aliposimama kusoma, alimwambia hiyo ni kanuni anayoijua tangu ujana, ila alitaka kwanza kuona kama shule yenyewe itaigundua.

Mama Mbona alikuwa na majibu matano tayari, na lile la kwanza lingemtoa Presha rangi. Lakini walikuwa wanakaa kula, akaamua aanze kwa kupakua.

"Mama," alisema Mbona, sauti ya kawaida tu, "mbona baba anasema alijua tangu zamani?"

Presha alishughulika na tonge lake. Mama Mbona aliona mlango umefunguliwa wazi, angeweza kupita na upanga wake wote wa maneno. Lakini mtoto alikuwa anamtazama yeye, anangoja, kama alivyomtazama siku ya wazazi mbele ya meza.

"Anaona aibu," alisema. "Hata mimi niliona aibu. Ndiyo maana nilikwambia useme lilifeli."

Baba mtu aliacha kutafuna. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari hiyo.

Mbona akafikiri kidogo.

"Mbona uliona aibu, mama? Maji yalifika sawa."

Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu mtaani alilitafuta la kumpa mwanawe, akalikosa. Akamwongezea mboga, akamwambia aulize tena kesho.

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mtoto akauliza.